Sifa ya Papa

Mjomba wangu alivua papa kwa zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi hata mara moja kufungua macho chini ya maji. Aliposikia kwamba nimesafiri kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko na mitungi ya hewa, suti ya mpira na kompyuta ya mkononi ya kupimia kina, alicheka mpaka akakohoa.

"Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "papa hafuatwi kwake. Papa hutegwa kwa jarife, aje mwenyewe."

Jarife ni wavu wa papa. Ni wavu wa nyuzi nene na matundu makubwa kiasi kwamba samaki wa kitoweo hupita bila kujua kuwa amepita. Hutegwa jioni, huachwa usiku kucha, na alfajiri watu huvuta kwa mikono. Jarife la mwisho la mjomba liko kwenye ubanda wa nyuma ya nyumba, limeviringishwa na kufunikwa gunia, na kuku hutagia juu yake.

Nilikuja mwezi wa nane, kusi ikivuma, nikiwa na tamaa ya kumwona papa wa kilindini. Nilikuwa nimesoma habari za papa mwenye mipasuko sita ya mashavu kila upande, wakati papa wengi wana mitano. Nilisoma pia habari za wale wenye macho ya kijani yanayong'aa, ambao ini lao lililojaa mafuta huwasaidia wasizame. Hao hukaa kwenye maji ya giza na baridi, na mara chache hupanda usiku kutafuta chakula.

Sisi wa pwani hatuna desturi ya kuiwaza bahari yetu kuwa ya baridi. Wakati wa kaskazi maji ya juu hufika nyuzijoto 29, na hata kusi ikikaza hayashuki sana chini ya 25. Lakini joto hilo ni kama shuka lililotandikwa juu. Nje ya miamba ya Kilwa na Songo Mnara sakafu ya bahari inaporomoka, na kadiri unavyoshuka maji hubadilika. Kwenye mita 200 unaweza kukuta nyuzijoto zisizofika 20. Baridi ambayo Wazungu huivalia suti nzito kwao ipo hapa pia, chini ya ngalawa zetu.

Hayo yote nilimweleza mjomba. Kitu kimoja nilimficha. Pamoja na papa, nilikuwa namtafuta samaki mwingine, yule aliyeifanya Kilwa itajwe na wanasayansi wa dunia nzima.

*

Mwezi Septemba 2003, karibu na kisiwa cha Songo Mnara, wavuvi walinasa samaki ambaye sayansi haikuwahi kumthibitisha katika maji ya Tanzania. Alikuwa na magamba makubwa magumu, mkia wenye pezi dogo la ziada katikati, na mapezi yaliyojaa nyama kama viungo vya mnyama aliyekuwa akifikiria kutembea. Alikuwa silikanti.

Kabla ya hapo silikanti alikuwa na historia ndefu ya magazetini. Wanasayansi walimjua kutokana na visukuku tu, na waliamini kwamba ukoo wake ulikwisha zama za dainosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Kisha tarehe 22 Desemba 1938, katika bandari ya East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa makumbusho ya mji ule, aliitwa kuangalia samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Katikati ya lundo, miongoni mwa papa, aliona pezi la buluu. Profesa J.L.B. Smith alimpa samaki yule jina la Latimeria chalumnae, kwa heshima ya Marjorie na ya mto Chalumna ambao mbele ya mdomo wake samaki alivuliwa.

Smith alimtafuta wa pili kwa miaka kumi na minne. Alisambaza vipeperushi vyenye picha na ahadi ya pauni 100. Mwezi Desemba 1952 samaki alipatikana Nzwani, katika visiwa vya Komoro. Wavuvi wa Komoro walishamjua. Walimwita gombessa, na hawakumthamini kwa sababu nyama yake ina mafuta mengi yanayovuruga tumbo. Smith alimwomba Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, D.F. Malan, ampe ndege ya kijeshi kumfuata samaki, akapewa. Kwa shukrani akamwita samaki yule Malania anjouanae, akidhani ni aina nyingine, kumbe alikuwa yule yule wa mwanzo aliyepungukiwa pezi moja la mgongoni.

Nilipomsimulia mjomba habari hiyo, aliuliza Malan ni nani. Nikamwambia ndiye aliyeingia madarakani mwaka 1948 na kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa sera ya serikali. Mjomba akafikiri kidogo.

"Na huyo alivua?"

"Hakuvua."

"Alizamia?"

"Wala."

*

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Sifa ni maneno mema anayosemwa mtu. Sifa pia ni mafuta ya ini la papa yanayopakwa kwenye mbao za chombo ili maji na jua visiyale. Vijana wengi niliokutana nao Masoko wanaijua maana ya kwanza tu. Mjomba aliponieleza ya pili alikunja pua kana kwamba harufu yake bado ipo uani. Ini hukatwakatwa, huwekwa kwenye pipa na kuachwa juani, au huchemshwa, mpaka mafuta yatoke. Chombo kilichopakwa sifa upya hujulikana kabla hakijaonekana.

Mafuta hayo ni ya zamani sana katika Bahari ya Hindi. Mwaka 1183 Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, alifika Aidhab kwenye Bahari ya Shamu akaeleza vyombo vilivyoshonwa kwa kamba badala ya misumari. Aliandika kwamba hupakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na kwamba ya papa ndiyo bora. Mitepe ya pwani yetu ilikuwa ndugu wa vyombo hivyo, mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi.

Papa mwenyewe aliliwa. Wanaakiolojia waliochambua mifupa ya samaki katika miji ya kale ya Waswahili wameona kwamba karne za mwanzo watu walivua zaidi karibu na miamba, wakila samaki wa maji mafupi. Baada ya mwaka 1000 hivi, samaki wa nje ya mwamba wanaongezeka jaani, papa wakiwemo. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliochimba Songo Mnara, ni miongoni mwa walioandika kwamba Mswahili hakuzaliwa mtu wa bahari kuu. Alijifunza polepole, vizazi kwa vizazi, akisogea nje.

Nilipenda wazo hilo. Vitabu vya shule vilinifundisha Kilwa ya dhahabu ya Sofala, ya Ibn Battuta aliyeitembelea mwaka 1331, ya Wareno walioivamia mwaka 1505. Havikunifundisha kwamba chini ya biashara yote ile kulikuwa na mtu aliyejua kumtoa papa ini bila kulipasua. Bila sifa mbao huoza, na mbao zikioza dhahabu haifiki popote.

*

Kuna historia nyingine ya sifa, upande wa kusini. Kutoka mji wa Lindi ukienda bara unafika kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata, makumbusho ya Berlin ilichimba hapo mifupa ya dainosaria walioishi miaka milioni 150 iliyopita. Mamia ya wafanyakazi walichimba. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, na kupakiwa melini. Mkubwa kuliko wote alisimamishwa Berlin mwaka 1937, akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Yupo mpaka leo.

Mwaka mmoja tu baada ya Berlin kumsimamisha mnyama wa Lindi aliyekufa, East London ikampata samaki aliyedhaniwa amekufa pamoja na jamaa zake. Na samaki huyo alikuwa akiogelea pia mbele ya Kilwa, mkoa ule ule wa mifupa ya Tendaguru.

Utafiti wa magamba yake uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba silikanti anaweza kuishi karibu miaka mia moja, na kwamba jike hubeba mimba kwa takriban miaka mitano. Silikanti mzee aliyekuwa hai mwaka 2003 angeweza kuwa tayari yumo pangoni mwake, nje ya pwani hii, siku mapagazi wa Tendaguru walipokuwa wakishusha mizigo Lindi.

Msimamizi wa wachimbaji wale aliitwa Boheti bin Amrani. Alikuwa fundi wa kufukua na kuandaa mifupa, na Wajerumani walimtegemea. Mwaka 2007 ndipo dainosaria mmoja wa Tendaguru alipopewa jina lake, Australodocus bohetii. Smith alimpa Malan jina ndani ya wiki chache. Boheti alisubiri karibu karne nzima, na hakuwepo kulisikia.

*

Hatukuzamia peke yetu. Rafiki yangu, ambaye ni mwalimu wa kuzamia, alikuwa amekuja na vifaa vyake, na tulikodi mashua ya kijana mmoja wa Masoko anayeujua ukingo wa mwamba. Mjomba alikataa kuja, kisha asubuhi tukamkuta ameketi kwenye mashua kabla yetu, amevaa koti.

Kuzamia kwa mtungi wa hewa ya kawaida kuna mpaka wake. Anayezamia kwa starehe hapaswi kupita mita 40. Kadiri unavyoshuka, naitrojeni uliyoivuta inaanza kukulevya, na ukipanda haraka inageuka mapovu mwilini. Nilikuwa najua vizuri kwamba silikanti hakai huko. Wengi wa Tanzania wamenaswa chini ya mita 70, na Komoro watafiti walioongozwa na Hans Fricke, wakitumia nyambizi ndogo tangu mwaka 1987, waliwakuta mchana wakiwa mapangoni kwenye kina cha karibu mita 200.

Binadamu wenye mitungi wamewahi kumfikia. Mwezi Oktoba 2000, Pieter Venter na wenzake walizamia Sodwana, Afrika Kusini, wakiwa na mchanganyiko wa gesi wenye heli, wakamkuta kwenye mita 104. Mwezi uliofuata walirudi na kamera wakapata picha, lakini mzamiaji mmoja hakurudi hai nyumbani. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Kwa hiyo nilijiambia nitaridhika na papa. Usiku papa wa kilindini hupanda, na alfajiri labda mmoja amechelewa kushuka.

Tulishuka kwa kufuata ukuta wa mwamba. Mita 10 kulikuwa na rangi zote. Mita 20 nyekundu ilikuwa imetoweka na damu kwenye mkwaruzo wa kidole changu ilionekana kijani. Kwenye mita 30 mwamba uliisha. Mbele kulikuwa na mteremko wa mchanga unaoingia kwenye buluu iliyokuwa ikigeuka nyeusi, na kutoka huko mkondo wa baridi ulipanda ukanigusa magoti, kisha tumbo, kama mlango uliofunguliwa ndani ya nyumba. Saa ilisoma nyuzijoto 24. Ni baridi ya kuchekesha kwa mtu wa Norway, lakini mwili wangu ulijua kwamba hii ni pembe tu ya shuka, na kitanda kiko chini.

Nilitazama kwa dakika saba. Niliona chewa mmoja. Niliona kipande cha wavu wa zamani kimekwama kwenye jiwe, kimeota matumbawe. Papa hakuwepo, wa kilindini wala wa juu. Rafiki yangu alinigusa bega, akaonyesha kidole gumba juu, na nilitambua kwamba nilikuwa nimeanza kushuka bila kukusudia. Saa ilisema mita 34.

*

Tukiwa juu, nikitetemeka ndani ya taulo, nilimwambia mjomba ukweli kuhusu silikanti. Nilimweleza jarife la mwaka 2003, na jinsi Tanga walivyoanza kunasa wengi muda mfupi baadaye, mpaka serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Lile jarife," akauliza, "lilikuwa la papa?"

"La papa."

"Basi siku hiyo walipata papa wangapi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu katika miaka yote ya kusoma habari ile sikuwahi kujiuliza.

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipokuwa kijana walitega maji mafupi, karibu kiasi cha kuona taa za Kivinje, na jarife lilirudi limejaa. Papa upanga alikuwepo. Pingusi, yule mwenye kichwa kama nyundo, alikuwepo. Kisha wanunuzi wa mapezi wakaongezeka, bei ya pezi kavu ikapita bei ya samaki mzima, na kila mwenye mashua akatafuta jarife. Mara ya mwisho kumwona papa upanga, alisema, mama yangu alikuwa bado hajaolewa. Papa walipopungua, majarife yakasogezwa nje. Walipopungua nje, wavu ukashushwa chini. Kamba zikaongezwa urefu. "Tukawa tunavuta mpaka mikono inakufa," alisema, "na wavu unakuja na baridi yake. Unaushika, kama umetoka kwenye barafu."

Hivyo ndivyo wataalamu wengi wanavyoeleza pia kwa nini silikanti alianza kuonekana Tanzania wakati ule. Hakuwa mgeni, maana yumkini mababu zake walikuwa pale kabla ya Kilwa kuwa Kilwa. Wavu ndio uliokuwa mgeni katika kina chake. Samaki aliyeshangiliwa kwa kufufuka alinaswa kwa sababu papa wa juu walikuwa wanaisha, na katika shangwe ile sikumbuki aliyewaulizia. Jarida la Nature lilichapisha mwaka 2021 hesabu ya papa na taa wa bahari kuu duniani: wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Mjomba hajawahi kulishika jarida hilo. Jarife lake lilimpa hesabu mapema zaidi, naye akaacha kazi.

Ipo habari moja ya silikanti iliyompendeza. Mwaka 2011 watafiti walichapisha uchambuzi wa vinasaba uliolinganisha samaki wa Tanga, wa kusini mwa Tanzania na wa Komoro. Wale wa Tanga walionekana kuwa jamii yao peke yao, iliyotengana na wengine zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Wa kusini kwetu walikuwa kundi moja na wa Komoro.

"Lakini hilo tunalijua," alisema mjomba, akiwa ametulia kabisa. Alikuwa na maana ya historia ya zamani ya Kilwa, ile iliyoandikwa kwa Kiarabu karne ya 16, ambayo wazee huisimulia kwa namna yao. Majahazi saba yaliondoka Shirazi na baba na wanawe sita. Moja likatia nanga Kilwa, na Ali bin Hasan akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. La saba likaenda Nzwani. Kwa mjomba ilikuwa sawa tu kwamba samaki wa huku na wa kule ni ndugu. Wanahistoria wa leo hawaichukui simulizi ya majahazi kama ilivyo, nami nilitaka kumwambia hivyo. Nikaona nimeshaongea vya kutosha.

Tulirudi Masoko upepo ukiwa umekaza. Mashua ya kijana yule ilikuwa imepakwa rangi ya dukani, buluu na nyeupe, ikinukia petroli. Mjomba alipitisha kiganja kwenye ubao wa pembeni, akainusa mikono yake, hakusema kitu.

Usiku, baada ya kula, aliniuliza kama nitarudi tena kumtafuta. Nilimwambia ndiyo, kaskazi ikitulia. Akanyanyuka, akaenda ubandani na tochi, akarudi na boya la zamani la jarife, mti mwepesi uliochongwa kwa mkono na kutobolewa katikati. Alinipa nilishike. Miaka mingi imepita tangu liguse maji, na bado lilikuwa linanuka sifa.